Orodha ya Muhoroni Iandikwe Muhoroni

Nchini Kenya, mahali huwa historia siku waziri anapotia sahihi. Kabla ya hapo ni ukuta tu, ni kilima tu, ni stesheni kuukuu inayongoja tingatinga. Nimeisoma sheria yenyewe mara kadhaa, na kila nikiifunga nabaki na swali lilelile: kwa nini kalamu hii ni moja, na kwa nini inakaa Nairobi?

Tuanze na sheria, maana jengo likishabomolewa sote hukimbilia mtandaoni kulia "serikali iko wapi?" bila kujua nani alipaswa kufanya nini. Inayohusika ni Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006, na mlango wake ni kifungu cha 25. Waziri anayesimamia turathi, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa, huchapisha ilani katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ilani hiyo hutangaza kwamba jengo fulani au mahali fulani, pamoja na ardhi inayopakana napo, ni turathi ya kulindwa. Asiyekubali ana miezi miwili ya kumpelekea waziri pingamizi. Miezi hiyo ikiisha, waziri huyapima aliyoyapokea, kisha ama anaithibitisha ilani ama anaiondoa. Ikithibitishwa, mwenye jengo hawezi tena kulibomoa au kuligeuza atakavyo.

Kwa haraka utasema, sasa hapo ubaya uko wapi? Kuna wataalamu, kuna muda, kuna nafasi ya kupinga. Isitoshe, sheria hii ni pana kuliko iliyoitangulia. Ile ya 1983 ilichora mstari kwenye mwaka 1895, mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake hapa. Jengo la kabla ya 1895 lilihesabika kuwa turathi bila kuombewa. Lililokuja baadaye lilihitaji tangazo la waziri. Kwa Lamu na Mombasa, zenye misikiti na nyumba za mawe za karne nyingi, mstari ule ulikuwa baraka. Kwetu ulikuwa kichekesho. Kabla ya 1895 mababu zetu wa huku walijenga kwa udongo na nyasi, na nyumba ya udongo haimsubiri mtu wa kuja kuitangaza. Vya mawe na chuma vilikuja na reli, na reli ilifika ziwani Desemba 1901.

Sheria ya 2006 imerekebisha hilo. Sasa inasema wazi kwamba mahali au jengo la umri wowote linaweza kutangazwa, mradi lina maana ya kihistoria, kitamaduni, kisayansi, kiusanifu, kiteknolojia au nyingine yoyote inayowagusa binadamu. Soma tena hapo kwenye "kiteknolojia". Kiwanda cha sukari kimo humo. Soma na pale kwenye "mahali". Kilima kisicho na hata tofali moja kimo pia.

Basi maneno ya sheria yanatosha. Shida ni nani anayebisha hodi. Waziri haamki asubuhi akasema leo nataka kuitangaza stesheni ya Muhoroni. Lazima kuwe na faili mezani: historia imeandikwa, ramani imechorwa, picha zimepigwa, mwenye shamba amejulikana, na kuna mtu mwenye cheo au digrii wa kuisukuma. Mahali penye mtu wa namna hiyo husikika. Pasipo naye hungoja mpaka patoweke.

Muhoroni inaonyesha jambo hili vizuri kuliko darasa lolote. Mwaka 1926, pale Koru, mlowezi aitwaye H. L. Gordon alipata visukuku kwenye mawe ya chokaa. Mwaka 1933 mtaalamu Arthur Hopwood akampa jina sokwe huyo wa kale: Proconsul, kwa kumkumbuka Consul, sokwe aliyekuwa akichekesha watu kwenye maonyesho kule Ulaya. Jirani yetu Fort Ternan, Louis Leakey akapata Kenyapithecus mwanzoni mwa miaka ya 1960, wa miaka milioni 14 hivi iliyopita. Na mwaka 2009 wanasayansi wakampa sokwe mwingine jina la Proconsul meswae, kutokana na daraja letu la Meswa. Huyo aliishi zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Ni fahari, sikatai. Nikisema natoka Muhoroni mbele ya mtu aliyesoma elimu ya visukuku, macho yake yanawaka.

Lakini jameni, sokwe wa miaka milioni 20 ana mawakili London na Nairobi, na mkata miwa wa 1970 hana hata mmoja. Sokwe ana vyuo vikuu, ana makala, ana kabati lenye kufuli. Aliyetandika reli iliyopita hapa ana nini?

Kumbuka nani waliitandika. Karibu Wahindi 32,000 waliletwa kwa mkataba kuijenga reli ya kutoka Mombasa, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Wanandi waliipinga kwa miaka mingi, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905. Baada ya hapo wakasukumwa mbali na ardhi iliyopakana na reli. Nyanda za juu, hadi Fort Ternan, zikatengewa Wazungu. Huku chini, kati ya Kibos na Muhoroni, Wahindi wakaruhusiwa kupata mashamba. Humo ndimo miwa ilimoanza kushika kasi. Kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilianzishwa mwaka 1922 pale Miwani, na jina lenyewe halina uhusiano na macho: ni mahali penye miwa. Cha Muhoroni kikaja 1966, uhuru ukiwa na miaka mitatu tu, na watu kutoka kila upande wakaja kutafuta kazi.

Kwa hiyo hapa petu, kwenye mwendo wa boda wa nusu saa, kuna ukoloni, kuna kazi za mkataba, kuna watu kufukuzwa kwenye ardhi, kuna ndoto ya uhuru ya kujitengenezea sukari. Hayo yote yameandikwa kwenye kuta, mabomba, mabati na nyumba za wafanyakazi. Mimi nimekulia hapa. Sijawahi hata siku moja kuona ilani ya turathi imebandikwa popote, wala kusikia chifu akiitangaza barazani.

Na muda unayoyoma. Kiwanda cha Miwani kilizimika 2001, na tangu hapo kutu imekula kazi ya miaka themanini. Mei 2025 serikali ilivikodisha viwanda vinne vya umma, vikiwemo Muhoroni na Chemelil, kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30. Nilifuatilia mjadala ule neno kwa neno. Watu walibishana kuhusu madeni ya wakulima, mishahara ya wafanyakazi, bei ya miwa, na walikuwa na haki ya kubishana. Lakini sikusikia mtu akiuliza: kabla mitambo ya zamani haijang'olewa na kuuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, nani ataipiga picha? Nani atahifadhi vitabu vya mishahara? Nyumba zipi za wafanyakazi zibaki zimesimama? Miaka 30 ni mingi. Mtoto anayezaliwa leo atakuwa na watoto wake kabla mkataba haujaisha.

Sasa nifike mahali panaponiuma zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1990, Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, alitoweka nyumbani kwake Koru. Mwili wake ukapatikana umeungua chini ya kilima cha Got Alila. Serikali ikamleta mpelelezi John Troon kutoka Uingereza. Ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Gicheru, kisha Rais Moi akaivunja mwaka 1991 kabla haijamaliza kazi. Baadaye kamati ya bunge nayo ikachunguza. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani.

Got Alila ni kilima. Hakina nguzo za kizungu wala mlango wa kuchongwa wa kupigia picha za harusi. Ila kila Mkenya aliyekuwa na akili timamu mwaka ule anajua jina lake. Ukiniuliza mahali palipobeba historia ya taifa hili katika Kaunti ya Kisumu, nitakupeleka hapo kabla ya kukupeleka penginepo. Sasa fikiria mlango wenyewe ulivyo: wa kuamua kama Got Alila panastahili kukumbukwa ni waziri wa serikali, na serikali ndiyo iliyoshindwa kutuambia nini kilitokea Got Alila. Kesi ya nyani umpelekee ngedere! Simtuhumu waziri yeyote wa leo. Nasema mfumo wenye kalamu moja utakuwa mwepesi siku zote kukumbuka yasiyoiaibisha serikali, na mzito kukumbuka yanayoiaibisha.

Najua majibu yatakayokuja, na mengine yana uzito.

La kwanza ni la tumbo. Nilizungumza na jaduong' mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha sukari cha ukanda huu. Nilipomweleza habari za turathi, alicheka kwanza. "Nyathina," akasema, "kuta zile zilikula mgongo wangu, na pesa zangu zingine hazijaja mpaka leo. Sasa unataka tuzipake rangi?"

"Hapana, jaduong'," nikamwambia. "Nataka ziandikwe, ili kesho mtu asije akasema hukuwahi kuwapo."

Akanyamaza kidogo. "Basi kama unaandika, andika dirisha la mshahara. Hapo ndipo watu wazima walilia."

Mzee yule alinipa somo ambalo watetezi wengi wa majengo ya kale hawana. Kuandika mahali kwenye orodha hakumaanishi kupasifu. Dirisha la mshahara halina uzuri wowote, lakini linaeleza uchumi wa sukari kuliko jumba la meneja. Na turathi haishindani na deni la mkulima. Alipwe deni lake, tena na riba. Lakini tusidanganyane kwamba ukuta ukibomolewa ndipo atakapolipwa.

La pili ni la vijana wenzangu: haya ni mabaki ya mkoloni, yaanguke tu. Naielewa hasira hiyo. Ila mkoloni hakubeba jiwe hata moja. Waliobeba ni babu zetu na babu za majirani zetu. Ukilifuta jengo, aliyelijenga anapotea, na aliyelimiliki anabaki salama kwenye vitabu vyake huko Uingereza. Nandi, Mjaluo, Mkipsigis, Mhindi, kila mmoja ana dai lake kwenye ardhi hii, na mipaka yetu imewahi kumwaga damu. Ile ghasia ya Oktoba 1991 ilianzia Meteitei, hapo tu jirani. Eneo kama letu linahitaji rekodi ya pamoja isemayo nani aliondolewa wapi na nani aliletwa lini, kwa sababu pasipo na rekodi mwanasiasa hujitungia ya kwake.

La tatu ni la wanaoamini kwamba tangazo likishatoka kazi imekwisha. Hao niwapeleke Zanzibar. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Una mamlaka yake ya uhifadhi, una wageni wenye kamera, una sifa dunia nzima. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo lake maarufu kuliko yote, iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Jina kubwa halishikilii paa. Fundi ndiye anayelishikilia, na fundi anataka kulipwa. Kwa hiyo orodha isiyo na bajeti sitaki kuisikia.

Sasa tufanyeje? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kitaifa kumbukumbu za kale na za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa. Sawa. Kaunti nayo imepewa makumbusho, maktaba, utamaduni na mipango ya maendeleo. Chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019, kaunti ndiyo inayotoa idhini ya ujenzi. Umeona kichekesho? Anayetangaza turathi yuko Nairobi, na anayempa mtu ruhusa ya kujenga juu yake yuko Kisumu. Mkono mmoja unaweza kupiga muhuri bila mwingine kujua.

Ninachodai kwa Bunge la Kaunti ya Kisumu ni sheria ya turathi za mashinani. Mahali pengine hili ni jambo la kawaida. New York ilibomoa stesheni yake kuu ya Pennsylvania kuanzia 1963. Watu wakaingiwa na uchungu, na mwaka 1965 jiji lenyewe likapitisha sheria yake. Likaunda tume ya watu 11, na mwananchi yeyote anaweza kuipendekezea jengo, mradi limefikisha miaka 30. Kikao cha hadhara hufanyika kabla ya uamuzi. Hawakungoja Washington. Sisemi tuige kila kitu, New York ina pesa na sisi tuna madeni. Naomba tuchukue jambo moja tu: uamuzi ukae karibu na mahali penyewe.

Sheria yetu isiwe ndefu. Mkaazi yeyote awe na haki ya kupendekeza mahali, kwa fomu ya kurasa mbili, kwa Kiswahili, Dholuo au Kinandi, na ofisi ilazimike kumjibu kwa maandishi. Ilani ibandikwe mahali penyewe, sokoni na kwa chifu, maana Gazeti Rasmi halisomwi na mama anayeuza omena Koru. Kikao kifanyike kwenye wadi, mwenye mali asikizwe kwanza. Kisha mahali pawekwe kwenye ngazi moja kati ya tatu. Ngazi ya kwanza ni pa kulindwa kabisa. Ya pili ni panapoweza kubadilishwa baada ya kupimwa, kupigwa picha na kuandikwa. Ya tatu ni pa kuwekewa kibao na masimulizi tu. Kiwanda kinachofanya kazi kinafaa ngazi ya pili: mitambo mipya iingie, lakini ya zamani isitoke bila rekodi. Got Alila panafaa ya kwanza.

Halafu meno. Ofisi ya mipango isipige muhuri wa kubomoa kabla ya kuangalia orodha. Na mwenye duka la zamani anayelitunza apunguziwe ada za kaunti. Si haki kumwambia mjane mwenye duka la urithi, "jengo lako ni la sote," kisha bati likivuja liwe lake peke yake.

Kuna atakayeniambia hili halitapita, MCA hawana haja nalo. Labda. Lakini kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kuliomba bunge la kaunti litunge sheria au kuibadilisha. Hakidai uwe wakili, wala uwe na chama. Kinadai uandike. Muhoroni ina wadi tano: Miwani, Ombeyi, Masogo/Nyang'oma, Chemelil na Muhoroni/Koru. Vijana watano wenye simu, mmoja kila wadi, wanaweza kupata majina ya mahali ishirini kabla ya mwezi kuisha. Waulizeni wazee wakiwa bado wapo. Pigeni picha mbele na nyuma. Andikeni nani alijenga, nani alifanya kazi hapo, nani alifukuzwa hapo. Jina la mwenye mali mlipate kwa adabu, bila kumtisha mtu.

Mimi nimeanza yangu. Mstari wa kwanza ni Got Alila, wa pili ni dirisha la mshahara la yule jaduong', wa tatu ni stesheni ya reli. Ombi likifika mistari ishirini, nalipeleka Kisumu mwenyewe, kwa matatu, na nitadai risiti yenye muhuri na tarehe.